Kimya Kilichokatwa

Siku mjukuu wangu alipoulizwa kama anakubali kuolewa, mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, kiasi cha kumgusa bega. Sikumgusa. Nilikuwa nimetandika mkeka wa ukindu, ule wa wageni, naye alikaa ukingoni, kajifunika kanga mpaka usoni kama inavyotakiwa. Mbele yetu palikuwa na kinu kimefunikwa ungo, na juu ya ungo laptopu ya mkaza mwanangu, mke wa mwanangu mdogo.

Ndani ya laptopu alikuwamo baba yake huyo mtoto. Ni mwanangu wa kwanza, yuko Maskati miaka mingi, na ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza. Zamani tungengoja aje likizo. Siku hizi hangoji mtu. Aliyeposa ni rafiki yake wa kazini, mtu wa Muheza, mtu mzima mwenye heshima zake. Mimi sikuwa na neno naye. Mtoto nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, hajafika hata kimo cha mtungi, na nilishaanza kufikiri nani atamlea nikifa. Basi posa ilipokuja nikaona ni jambo limepata mwenyewe.

Mkaza mwanangu anafanya kazi ofisini, Tanga mjini. Kule ofisini kwao wana huduma ya kurekodi vikao. Mnaonana kwenye kioo, mnazungumza, na kila neno linawekwa. Haliwekwi kwenye simu, alisema, linawekwa mawinguni. Akashauri tuitumie, ili asitokee mtu kesho akasema hakusikia. Alikuja Pangani na basi la asubuhi, akafunga mitambo yake, akatueleza kwamba huduma yenyewe imeboreshwa karibuni. Sasa inakata pale watu walipokaa kimya, ili msikilizaji asipoteze muda. Inafuta kelele za nyuma. Inaandika mazungumzo yenyewe, halafu inatoa muhtasari wa mliyokubaliana na kumpelekea kila aliyealikwa.

Nikamuuliza nani kaiomba ifanye hayo yote. Akacheka, akasema, "Mama, hakuna aliyeomba. Wameongeza tu."

Aliyesimamia kikao ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anayesomesha watoto madrasa hapa mtaani. Alisoma Fatiha, akazungumza maneno yake, kisha mwanangu akauliza kutoka kule: "Mwanangu, fulani bin fulani amekuja kukutaka kwa njia ya heshima. Je, unakubali nikuoze?"

Baada ya hapo sura ya mwanangu ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mtandao wa kule kwake ulikuwa umekwenda zake. Sote tukawa tunamtazama yeye, tunangoja uso utikisike. Mkaza mwanangu anabonyeza huku na huku. Pantoni ikapiga honi kule mtoni. Mjukuu wangu hakusema kitu.

Kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza, amekubali. Haya inamzuia kusema ndiyo mbele ya watu wazima, basi kimya chake kinasema badala yake. Ndivyo tulivyorithi. Shemeji akangoja, akakohoa, akasema, "Kimya ni jibu. Alhamdulillah." Pale pale mtandao ukarudi, mwanangu akaisikia hiyo alhamdulillah, naye akaitikia yake. Ikasomwa dua. Tukanywa chai na vitumbua, na mkaza mwanangu akapanda basi la jioni kurudi kwake.

Muhtasari uliingia simuni kwangu kabla sijamaliza kuosha vikombe. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma. Uliandikwa: Binti aliulizwa. Ridhaa ilipatikana. Nikaha mwezi ujao. Nikauona uko sawa. Nikaweka simu dirishani.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja nilikuwa nachambua mchele, mjukuu wangu amekalia mbuzi anakuna nazi. Yeye ni fundi cherehani, mikono yake haijui kukaa bure. Akakuna, akakuna, kisha akasimamisha mkono.

"Bibi, mimi sikukubali."

Nikamwambia, "Ulinyamaza."

"Ndiyo. Nilinyamaza."

"Sasa?"

"Sasa nakwambia wewe. Baba simuwezi, na babu mdogo ananitazama kama nimo madrasani. Simtaki yule mtu, bibi."

Nikamuuliza ana nini, mlevi, mwizi, ana mke kamficha? Akasema hana lolote, ni mtu mwema, amtakaye amchukue. Nikamuuliza kama kuna kijana mwingine. Akasema hakuna. Kweli ningependa anipe sababu. Sababu unaishika, unaipeleka kwa watu, wanaigeuza geuza. Neno simtaki peke yake halina mpini. Nikamwambia amalizie nazi, wali hautajipika.

Sikukasirika wala sikumhurumia. Nasema ukweli. Kifua changu kilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya, unaubonyeza na huusikii. Nilimaliza mchele, nikapika, nikala, nikaosha sufuria. Nilijaribu kukumbuka siku nilipoulizwa mimi. Niliulizwa nyuma ya mlango, na mjomba wangu, mashahidi wawili wakiwa ukumbini. Nakumbuka mlango ulikuwa na komeo la mti. Nakumbuka nilinyamaza. Ndani ya kile kimya mlikuwa na nini, sikumbuki. Nimetafuta sana. Nimeishi na mume yule hadi nikamzika, tumezaa, tumelima mpunga, na hiyo sehemu imebaki tupu.

Alasiri nikampigia mwanangu. Alikuwa kazini, nasikia vyuma vinagongwa. Nikamweleza. Akasema kwa upole, maana ni mtoto mpole huyo, "Mama, mimi siku ile mtandao ulinikata, kwa hiyo niliisikiliza rekodi yote upya. Nimemuuliza, nikajibiwa pale pale, alhamdulillah. Hapakuwa na kusita hata kidogo. Sasa leo anasema hataki? Mwenzangu kashawaambia kwao."

Nikamwambia kusita kulikuwepo. Nilikuwepo mimi.

"Mama, wewe umri umekwenda. Rekodi haisahau."

Hilo nalo lilipita tu. Nikamuaga. Nikamtafuta mkaza mwanangu, nikamuuliza rekodi ya kikao inaonyesha nini pale mtoto alipoulizwa. Akaifungua hapo ofisini kwake huku nangoja. Akaniwekea nisikie kwenye simu. Unakubali nikuoze? Kimya ni jibu, alhamdulillah. Vimeshikana kama vidole. Hata pantoni haimo. Ungeisikia ungesema mtoto kaulizwa, shemeji kamrukia mdomoni.

Mkaza mwanangu akairudia tena. Kisha akasema, "Mama, imekikata."

"Kimekatwa kimekwenda wapi?"

Akasema atazame. Akasoma maelezo yao ya hayo maboresho, akanipigia baadaye. Alivyoelewa, ile ya asili huwekwa pembeni kwa muda, kabla haijafutwa yenyewe. Muda haujaisha. Kuna mahali unabonyeza ukasema nipe kama ilivyorekodiwa. Nikamwambia abonyeze, na aje nayo.

Alikuja mwisho wa wiki. Nikamwita na shemeji. Hakutaka. Alisema, "Shemeji, jambo limeshasomewa dua, unalichimbua la nini?" Nikamwambia aje anywe chai. Akaja. Mjukuu wangu nilimtuma kwenye cherehani yake, sikutaka wamtazame usoni.

Tukaisikiliza hapo hapo ukumbini. Sauti ya mwanangu ikauliza. Kisha kimya kikaanza. Mtu akikaa ndani ya kimya hakioni urefu wake, ila ukikisikiliza kutoka nje unakiona. Lilisikika jokofu. Alisikika kunguru juu ya bati, na honi ya pantoni, na kucha za mkaza mwanangu kwenye vitufe. Na karibu kabisa, karibu kuliko vyote, palikuwa na kitu kinachanika. Kinachanika, kinatulia, kinachanika tena. Polepole, kama mtu anayemenya kitu asitake kusikiwa.

Shemeji akauliza ni panya?

Mimi nimesuka ukindu tangu sijavunja ungo. Najua sauti yake ukipasuliwa ukiwa mbichi na ukichanika ukiwa mkavu. Nikainuka, nikaenda chumbani, nikautoa mkeka wa wageni, nikaukunjua mbele yao. Pale ukingoni alipokuwa amekaa mtoto, upindo ulikuwa umenyofolewa. Kipande cha kama shubiri moja, miaa ya ukindu imetolewa mmoja mmoja mpaka mshono ukaachia. Nilikuwa nyuma yake, kiasi cha kumgusa bega, na sikuona. Mikono yake ilikuwa chini ya kanga, na sisi sote macho yalikuwa kwenye kioo, kwa mtu aliyeganda. Ile laptopu ndiyo iliyosikia. Ikasikia, ikaona ni kelele, ikafuta.

Shemeji aliutazama mkeka muda mrefu. Akautia kidole pale palipoachia. Ni mgumu yule mzee, lakini si mwongo. Akasema, "Kimya chenye alama ya kukataa si idhini. Hiyo nayo ni sheria. Huwa tunaisoma haraka."

Mkaza mwanangu akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nikawamiminia chai.

Usiku ule ule mkaza mwanangu alimpelekea mwanangu ile isiyokatwa. Kesho yake adhuhuri tukafanya kikao kingine, laptopu juu ya kinu, watu wale wale, isipokuwa nilimwambia mkaza mwanangu asirekodi. Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia safari hii tutatumia masikio.

Mwanangu alikuwa amenyoa ndevu, anaonekana mdogo. Hakunisalimu vizuri. Akasema, "Nimeisikiliza, mama. Nilidhani simu yangu mbovu. Ile sauti ni ya nini?"

"Mkeka."

"Mkeka gani?"

"Wa wageni. Mwanao alikuwa anauchana."

Akainamisha kichwa. Tukaona utosi wake, umeanza upara. Safari hii mtandao haukukatika, alinyamaza mwenyewe. Kisha akamwita binti yake, akamwambia afunue uso, baba yake anataka kumwona. Mtoto akafunua. Akamuuliza tena maneno yale yale, nikuoze kwa fulani, halafu akaongeza, "Nijibu kwa mdomo. Sitakugombeza."

Mjukuu wangu mikono aliilaza mapajani, wazi. Akasema, "Hapana, baba."

"Basi," akasema mwanangu. Akasema tena, "Basi." Kisha akasema muda wake wa mapumziko umekwisha.

Kazi ya kwenda Muheza ilinibakia mimi na shemeji, maana neno kama hilo halipelekwi kwa simu. Mama wa yule bwana alitupokea kwa adabu, akatutandikia, akatuletea maji. Nilipomweleza akasema, "Lakini muhtasari alionitumia mwanangu ulisema amekubali. Ninao hapa." Akautoa akanionyesha. Ni ule ule. Nikamwambia naujua, hata mimi ninao. Akaniuliza mwanawe ana kasoro gani. Nikamwambia hana. Akaniuliza sasa yeye awaambie nini watu. Alitusindikiza mpaka barabarani na hakutupa mkono. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi nisingewapa hata maji.

Mtaani yamesemwa. Wamesema mtoto ana lake, wamesema bibi kizee anamng'ang'ania afuliwe nguo. Yanasemwa nikiwa napita, kwa sauti ya kunifikia, na mimi napita. Mwanangu siku hizi hunitumia salamu za sauti badala ya kunipigia. Shikamoo mama, mzima, nipo, kwaheri. Nadhani kule kazini kwake hawazungumzi tena na mwenzake. Hajaniambia, sijamuuliza. Labda na salamu zake zinakatwa vile vimya vyake kabla hazijanifikia, mie nitajuaje.

Mtoto anashona. Asubuhi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Hajanishukuru, wala hakuna cha kunishukuru. Siku moja alisema atautengeneza upindo wa ule mkeka, nikamwambia hajui kusuka, auache. Nikaukunja nikauweka juu ya kabati. Wageni wakija tunatandika wa plastiki.

Juzi mkaza mwanangu alinipigia. Huduma ilikuwa imemletea taarifa kwamba ile rekodi ya asili inakaribia kufutwa, kama twaitaka tuihifadhi sasa. Nilikuwa jikoni, mikono ina unga. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia aiache ifutwe, waliopaswa kuisikia wamekwisha kuisikia. Akaniuliza na ile iliyokatwa je? Akasema hiyo haifutwi yenyewe, hiyo itakaa.

Nikamwambia hiyo ndiyo afute.