Jani la Sale Ndani ya Kabati la Gemu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusafisha kabla ya kutazama. Nilifungua mgongo wa kabati la gemu uani kwetu Machame, nikakuta vumbi, mabawa ya mende na takataka za kila aina, nikazifagia zote na kwenda kuzimwaga kwenye lundo la mbolea nyuma ya zizi. Mimi ni mtu anayepiga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na asiye na mwalimu huogopa kila kitu. Siku hiyo sikuogopa. Nadhani nilikuwa na furaha, na furaha hunifanya mzembe.

Labda unayakumbuka makabati yale, kama tulikua zama moja. Ya mbao, marefu kuliko mtu mzima, yenye kioo kama cha televisheni ya zamani, na chini yake kijiti cha kushika na vitufe vyekundu. Sisi tulikuwa nalo moja tu, kwenye duka la jirani, njia ya kwenda kanisani. Mwenye duka alilileta kutoka Moshi mjini juu ya pikapu ya ndizi, nasi watoto tukalifuata mbio mpaka likashushwa. Ukitumbukiza sarafu, lilitoa mlio kama wa jogoo aliyekabwa, kisha kindege chekundu kikatokea kwenye kioo kikikwepa mawe.

Nililelewa na bibi. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe baada ya shule, na kazi yake, kila asubuhi, kupeleka maziwa dukani. Duka lile bado nalisikia puani: mafuta ya taa, sabuni ya mche, mikate, maziwa ya moto. Jioni nikirudi mikono mitupu, bibi aliuliza, huku anakoroga mtori wa ndizi, "Ulienda kukata majani au ulienda kwa kabati?" Aliuliza kila siku, na kila siku alijua jibu.

Kabati lilikufa wakati wa masika, nikiwa darasa la nne. Mchezaji nilikuwa mimi. Picha ilijikunja ikawa mstari mmoja mweupe, pakanuka kitu kuungua, kioo kikawa cheusi. Na sasa nikuambie nilichowaficha watu kwa miaka mingi: ndani ya tundu la sarafu kulikuwa na kipande cha waya, na niliyekiingiza ni mimi, ili kulidanganya kabati linipe mchezo wa bure.

Mwenye duka hakunishuku. Alimshuku fundi redio, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, kwa sababu wiki iliyotangulia alilifungua kabati kurekebisha sauti. "Amechomoa vipuri vizima akaweka vibovu," mwenye duka akasema, na watu waliokuwa wamejikinga mvua wakasogea kusikia. Kisha akanigeukia. "Wewe unashinda hapa. Ulimwona akitia kitu mfukoni?"

"Nilimwona."

"Kitu gani?"

"Sikuona vizuri."

Nilichokiona ni bisibisi yake mwenyewe. Fundi aliniangalia bila hasira, akasema, "Mwanangu, tazama vizuri unachosema." Nikatazama miguu yangu. Bibi alikuwa amesimama pale, amekuja kuchukua kidumu chake. Hakusema neno. Alinishika mkono tukapanda nyumbani kwenye matope.

Baada ya hapo watu hawakuacha redio kwa fundi tena. Aliyepeleka alikaa kwenye benchi akimwangalia mikono mpaka amalize. Mwaka haukuisha, fundi akahamia Bomang'ombe.

Karibu miaka ishirini imepita. Duka limevunjwa ili kupanua barabara, na mwenye duka, sasa mzee wa fimbo, aliniambia nilichukue kabati kabla mchwa hawajalimaliza. "Ila usitegemee sana," akaniambia. "Vya maana viliondoka zamani. Yule bwana alikuwa na mikono mirefu." Niliitikia kwa kichwa. Hata ukubwani, niliitikia.

Basi, siku ile ya kusafisha, nilikuwa nanawa mikono nikahisi kitu kinanisumbua. Kati ya takataka kulikuwa na kitu kirefu chenye fundo. Nikarudi kwenye mbolea, nikachakura kwa vidole mpaka nikakipata. Jani la sale, limekauka kama karatasi, limefungwa fundo katikati.

Kama hukuzaliwa huku, sale ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani lake, unalifunga fundo na kumpelekea. Anayepelekewa hakatai kusamehe. Mtoto wa Machame analijua jani hilo kabla hajajua kusoma, nami nililifagia pamoja na mende.

Nilikaa juu ya ndoo. Nani aliomba msamaha kwa kulitumbukiza jani kwenye matundu ya hewa ya kabati? Nikamshuku fundi. Na hapa naona aibu zaidi: nilifurahi. Kama fundi alitubu, basi aliiba kweli, na uongo wangu ulikuwa umegusa ukweli kwa bahati. Siku mbili nililala vizuri.

Siku ya tatu nikaitoa bodi ya umeme nihesabu vipande vyake kimoja kimoja, kwa kuwa siwezi kuacha kitu bila kukihakiki. Hakuna kilichopungua. Hakuna kilichobadilishwa, vumbi lilikuwa la umri mmoja kila mahali. Ila kutoka kwenye matundu ya juu ulishuka mchirizi wa manjano, mgumu kama gamba, mpaka pale bodi ilipoungulia. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaudondoshea maji ya moto kwenye kijiko, nikanusa.

Maziwa.

Mtu mmoja tu alikuwa akiweka kidumu cha maziwa juu ya kabati lile asubuhi, kwa sababu meza ya duka ilijaa mikate. Waya wangu nao niliukuta kwenye tundu la sarafu, umekaa peke yake, haujagusa chochote.

Bibi amekwishafariki, sina wa kumuuliza. Nilichobaki nacho ni kukumbuka, na kumbukumbu zangu huwa siziamini. Lakini nilikumbuka kwamba kila alipokwenda soko la Bomang'ombe alibeba mkungu wa mchare, ndizi zetu nzuri kuliko zote, na akirudi nikimwuliza aliuza kwa nani alisema, "Zimepata mlaji."

Kesho yake nikakata jani mpakani, nikalifunga. Fundo la kwanza nililiona limekaa upande, nikakata jani jingine. Nilipofika Bomang'ombe nilimkuta fundi kwenye meza ndogo, mvi kichwani, anafungua simu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Simu au redio?"

"Kabati."

Akaweka bisibisi chini. Niliweka jani mezani kwa mikono miwili, nikamweleza yote: mfuko, waya, jani la kwenye kabati, maziwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliligeuza jani, akauliza, "Hili ni la bibi yako?"

"La bibi liko nyumbani. Hili ni langu."

Akacheka kwa pua. "Mama wa watu. Kila mara mkungu wa mchare. Namwuliza, mama, kulikoni? Ananiambia, kula, watoto wako wamekonda. Wanangu walikuwa wanene kama maboga." Akalivuta jani upande wake wa meza. "Nilidhani ananionea huruma. Kumbe jani amelipelekea kabati. Kabati lina masikio?"

"Nadhani alitaka mwenye duka alikute akifungua."

"Yule? Yule alikuwa anaogopa shoti hata ya tochi." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nimelipokea, mwanangu. Lakini mimi ulinisema mbele ya watu."

Nilielewa, nikamwomba aje kanisani kwetu. Jumapili, baada ya ibada, watu walipozunguka mnada wa sadaka nje ya kanisa, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu, nilimwomba mzee wa kanisa anayenadi anipe dakika moja. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi na kuyarudia mpaka nimeyachoka. Karatasi sikuifungua. Nilisema nilichokiona mfukoni mwa fundi, nilichokitia kwenye tundu la sarafu, na nilichokikuta kwenye bodi. Jogoo tu ndiye aliyeendelea kupiga kelele.

Mwenye duka alikuwa mbele, chini ya mwavuli. "Bibi yako?" akasema. "Yule wa maziwa?" Akafikiri sana. "Maziwa yake yalikuwa mazuri." Kisha akaiona sura ya fundi langoni, akajikongoja kwa fimbo mpaka alipo. Tulimsikia akisema, "Nina redio nyumbani. Mbovu."

"Tangu lini?" fundi akamwuliza.

"Tangu ulipoondoka."

Fundi ndiye aliyelifufua kabati, mimi nikishika taa. Limesimama sebuleni kwa bibi. Ubavu wake nimeupaka rangi mara nne na bado naona mawimbi. Kindege sasa ni cha rangi ya waridi badala ya nyekundu, na hilo nimejilazimisha kuliacha. Pale palipokuwa na duka pamebaki ngazi moja ya saruji, na watoto hupita hapo kila mmoja na gemu lake kwenye simu, hawahitaji kugombania kijiti. Harufu ile ya mafuta ya taa na mikate siipati popote. Bibi namkumbuka kwa mambo mawili sasa, kukaa kwake kimya na mikungu yake ya mchare, na sijui nilitangulize lipi.

Fundi hupanda Machame kila Jumamosi. Watu humwachia redio zao na kwenda zao sokoni, na hakuna anayekaa kwenye benchi kumwangalia mikono.