Mama Alipoingia Dukani

Harufu ya ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, imechanganyika na gundi ya mbao, ndiyo iliyokuwa ikitupokea tukitoka chuoni kusoma Kurani. Duka letu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, Mjambere. Babu alilianzisha kwa kuwamba ngoma za arusi. Baba, mwanawe mkubwa, akaongeza kazi ya kuunda na kutengeneza nyudi, vile vinanda vya nyuzi vipigwavyo katika taarab. Mama alikuwa ametoka katika nyumba ya waimbaji kule Likoni, lakini tangu aolewe hakuvuka pazia la mlango wa ndani. Sauti yake tuliisikia jikoni tu.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, Shaaban iliingia na arusi zikafuatana, kila mtu akiwahi kabla ya Ramadhani. Ndipo nilipoona kwamba nikimwamkia Baba naye amenipa mgongo, haitikii. Mteja akitaka tari, yeye alimletea zumari, kisha akacheka na kusingizia kelele za barabarani. Sote nyumbani tuliona, wala hakuna aliyesema. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kilio chenyewe kilikuja Jumamosi asubuhi. Bwana Athmani, mpiga udi wa kikundi kimoja cha taarab, aliingia uso umemsawijika, mkononi udi aliotengenezewa na Baba juzi yake. "Umeniaibisha, bwana!" alisema kwa sauti. "Nyuzi zimekataana mbele ya watu, hata bibi arusi akacheka." Baba aliupokea, akainamisha sikio hadi likagusa mbao, akakaza uzi huu, akalegeza ule. Kila alivyourekebisha ndivyo ulivyozidi kuharibika. Bwana Athmani akaelewa, akatazama chini.

"Uzi wa tatu umepanda, ulegeze," Mama alisema kutoka ndani. Baba hakusikia. Basi Mama akajitanda leso, akatoka, akamgusa bega. Aliimba taratibu sauti iliyotakiwa, huku mkono wake ukimwonyesha: chini, chini kidogo, basi. Baba aliufuata ule mkono kwa macho mpaka udi ukapatana.

Habari zilimfikia ami yangu Twalibu, mdogo wa Baba, ambaye kwa muda mrefu alikitamani chumba kile auzie vipuri vya baiskeli. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Alikuja alasiri hiyo akifoka: "Shemeji yangu akae dukani na wapiga ngoma? Lifunge duka!" Baba alimkazia macho midomoni. "Sema tena, Twalibu. Mimi sisikii." Hakuwahi kuyatamka maneno hayo mbele yetu. Ami akaduwaa, hasira zikamwisha, akamshika kaka yake mkono na machozi yakamtoka. Baba akasema, akimwita Mama kwa jina langu kama kawaida yake, "Duka la baba yetu halifungwi. Mama Zuhura atakaa hapa nami, inshallah."

Wakakaa pamoja hadi Baba alipofariki, Mungu amrehemu. Siku hizi arusi nyingi huchezwa kwa spika, nasi huuza vinanda vya umeme zaidi kuliko nyudi. Mama hunung'unika kwamba zamani kulikuwa na baraka zaidi, watu wakijua kusikiliza. Simbishii. Lakini zamani hizo hakuna mteja aliyelijua jina lake. Leo watu hutoka mbali, hata Miritini, wakiulizia duka la Bi Rukia.