Pete ya Bibi Harusi wa Ihumwa

Nichekeni tu, mafundi wangu wameshatangulia.

Mimi mama wa watoto wanne ni msimamizi wa karakana ya sonara hapa Majengo, Dodoma. Sheria ya kwanza niliiweka mwenyewe: fundi asivae pete ya mteja. Juzi mafundi walipokwenda kunywa chai, nikabaki na pete ya bibi harusi mmoja wa Ihumwa. Inang'aa hiyo. Nikaivaa mkono wa kulia nione tu, ikagoma kutoka. Nikapaka sabuni, nikapaka mafuta ya kupikia, kidole kikazidi kuvimba.

Mara akaingia mama mzazi wa bwana harusi kuichukua. Nikazungushia mkono kitambaa upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanyoosha mkono. Wa kushoto sikuweza kumpa mtu mzima, nikabaki nimesimama kama mwizi. "Mkono umefanyaje?"

"Nimeungua, mama, nikihangaika na pete yenu. Njoo kesho."

Nilidhani ataondoka, kumbe ni mtu wa maombi. Mafundi wakamkuta amekishika kitambaa changu kwa mikono miwili, nao wakainamisha vichwa kwa heshima. Akaomba mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, ili amalize.

"Sasa tuone Mungu alivyotenda," akasema, akafungua kitambaa.

Mama akaitazama pete, akanitazama mimi kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Kumbe mkwe wangu ni wewe."