Mlango Uliomeza Hodi

Mlango ule ulitugharimu milioni moja, laki nane na elfu arobaini. Nimejumlisha mara mbili. Laki tisa alitoa mume wangu kwa mkono wake, laki saba na nusu nikamalizia mimi nikiwa eda, na zilizobaki ni gari la kuutoa Lindi, saruji, gundi ya kioo na vibarua wawili waliokula kama wanne.

Duka letu la vitambaa ni chumba cha mbele cha nyumba, hapa Tingi, kwenye barabara ya vumbi inayoachana na lami kwenda mashambani. Magari ya ufuta yakipita, kanga nyeupe inakuwa ya udongo. Mume wangu alizikung'uta kila jioni, na kila jioni alisema ipo siku ataweka mlango wa kioo kama wa benki, mteja aione mali na vumbi libaki nje. Akampata fundi wa alumini mjini Lindi, Mmakonde wa Newala. Fundi akaja, akapima, akapewa laki tisa. Wiki iliyofuata mume wangu alishikwa na homa Jumanne, Ijumaa tukamzika.

Sikulia sana. Watu walisema nina subira. Mimi nilikuwa nahesabu. Sahani za kuazima zilikuja themanini na tatu, zikarudi themanini na tatu. Nikarudia kuzihesabu, maana sijawahi kuona msiba usiopoteza sahani. Nikavaa nyeupe, nikakaa ndani.

Baada ya khitma ya arobaini, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikaa nami ukumbini. Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma bei ya kitu cha mtu mwingine. "Shemeji, nyumbani hapa hakuna wa kukutoa. Ila chumba cha mbele lazima kilete pesa. Ukimaliza eda na tajiri wa Dar aliyewakopesha vitambaa bado anadai mzigo wake, nampa chumba wakala wa pesa. Yeye kodi ya mwaka anaweka mezani."

Nikamwambia nimesikia. Deni la tajiri lilikuwa milioni moja na laki mbili. Ufuta ulikuwa unaanza kukatwa, na kwetu pesa ya ufuta ndiyo inayovaa: mtu akishauza, ananunua bati, halafu kitambaa. Nikaona muda unatosha. Sikuona kingine chochote, wala furaha wala hofu.

Fundi akafika asubuhi moja na mlango uliozungushiwa magodoro kama mgonjwa. Hakuwa na habari kwamba mteja wake amefariki. Alipoambiwa alikaa kwenye benchi la duka, akavua kofia, kisha akasema kazi ni kazi, anadai laki nane na nusu.

Nilikuwa nyuma ya pazia linalotenga duka na ukumbi. Mwenye eda haongei na wanaume wa nje ila kwa dharura. Mimi niliona bei ni dharura. Wifi yangu, mdogo wake marehemu anayeuza dukani, hakuona hivyo, akawa anabeba maneno. Nikisema mwambie huyu mwizi, yeye anamwambia wifi anashukuru sana ila anaomba punguzo. Kwa mwendo ule tungelala pale. Nikaongea mwenyewe.

"Fundi, pole na safari. Kwenye hiyo laki nane na nusu kuna nini nisichokiona?"

"Pole na msiba, mama. Kuna springi. Inafukiwa sakafuni, ndiyo inaurudisha mlango. Hii niliyokadiria, ukiufungua mpaka mwisho, mlango unasimama, unabaki wazi. Ipo nyingine isiyosimama, ukiuachia tu unajifunga. Hiyo bei yake inapungua kwa elfu themanini. Ninazo zote mbili kwenye gari."

"Kazi ya mlango ni nini?"

"Kufunga, mama."

"Basi weka inayofunga. Na elfu ishirini toa kwa ajili ya marehemu."

Akacheka kidogo, akajizuia. "Marehemu mwenyewe hakunibana hivi."

"Ndiyo maana alikupa laki tisa."

Alichimba sakafu, akafukia springi yake, na baada ya alasiri mlango ulikuwa umesimama. Wifi alikuja kuniambia ni kama haupo. Kuku wa jirani walithibitisha, wawili, kwa vichwa vyao. Tukabandika utepe mwekundu.

Wiki ile tuliuza kanga mbili na uzi. Magari ya ufuta yanapita, watu wanatoka mizani kuuza ufuta na pesa mifukoni, na duka limekufa. Nikamuuliza wifi watu wako wapi, akasema wanakuja, wanasimama nje, wanaondoka, labda hawajapenda rangi.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja wa Mitole, aliyezunguka kwa uani kuja kunipa pole. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa mkekani.

"Mwanangu, duka mnafungua lini? Nina harusi ya mjukuu, nataka doti sita."

"Duka liko wazi, bibi."

"Wazi wapi? Nimepiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huyu binti ananitazama tu."

Wifi akashika mdomo. "Bibi, mimi niliona midomo inatembea. Nikadhani unamsomea marehemu dua. Nikaitikia amina."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hapa mtu hasukumi mlango uliofungwa, sembuse wa nyumba yenye eda. Anapiga hodi tatu. Asipojibiwa anarudi alikotoka bila kinyongo. Kioo cha milimita kumi na mbili kilikuwa kinazimeza zote tatu. Wifi akaanza kuwakumbuka: mzee na mwanawe, wanawake wanne wa Kilangala waliovua kabisa na ndala, wakasimama, wakazivaa, wakaenda zao.

Bibi nilimuuzia doti sita palepale uani. Alinibana. Kesho yake tukaweka tofali mlango ukae wazi. Springi ikalisukuma tofali polepole mpaka nje, na kabla halijatoka vumbi likaingia. Tukabandika karatasi: SUKUMA UINGIE. Wanaojua kusoma waliisoma, wakapiga hodi. Sasa wifi anakaa nje juani na kiti chake, anawafungulia watu mmoja mmoja. Hivyo ndivyo tulivyopata laki nne za kumpelekea tajiri. Laki nane bado, na eda yangu inakwisha mwezi ujao.

Nilimpigia fundi. Kubadilisha springi ni kuvunja sakafu upya: laki mbili na nusu pamoja na nauli, na hapunguzi. Shemeji naye amepata nyumba ya wageni Kilwa Masoko inayoutaka mlango kwa milioni moja taslimu. Deni linaisha, chumba kinabaki changu. Ila wifi ameapa: mlango wa kaka yake ukitoka, yeye dukani haingii tena, na mimi bila yeye sina muuzaji.

Juzi wakati wa sala ya Ijumaa, barabara ikiwa tupu, niliingia dukani kuutazama. Niliweka kiganja kwenye kioo nikingoja kusikia kitu. Kilikuwa cha baridi. Nikahesabu skrubu za bawaba, kumi na mbili, nikarudia, kumi na mbili, nikarudi ndani.

Shemeji anataka jibu Ijumaa ijayo. Mliowahi kuendesha duka, na mliowahi kukaa eda, nishaurini: niuze mlango nibaki na chumba kisicho na muuzaji, au nikope laki mbili na nusu juu ya deni nibadilishe springi? Na mwenye fundi mwingine wa bei ndogo aniambie kabla ya Alhamisi, ila ataje bei ya mwisho.