Kiti cha Namba Kumi na Tisa

Saa moja kasorobo asubuhi, na kiwanda cha kufulia kimeshaanza kunguruma. Mashine sita zinazungusha mashuka ya hospitali mbili na nyumba za wageni tisa. Mvuke umepanda hadi kwenye mabati, na mwenye miwani humu ndani ni sawa na asiye nayo.

Mbele ya mashine ya pasi, dude refu kama kitanda cha watu wanne, amesimama mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Ameshika pembe moja ya shuka. Pembe nyingine ameshika mama mmoja aliyeajiriwa juzi, ambaye bado anaitazama mashine kama mbwa asiyemjua.

"Vuta," anamwambia. "Nivute kwa nguvu kuliko ninavyokuvuta mimi."

Anavutwa. Shuka linakwenda upande, linamezwa na mashine likiwa limepinda, na linatoka ng'ambo na mkunjo mrefu katikati, umepigwa pasi ukakaa kama kovu.

"Mmeuona? Huo hautoki kwa kupapaswa. Shuka linarudi kufuliwa upya. Na mtu ni hivyo hivyo, ila mtu hatuna mashine ya kumfulia."

Wageni wa kazi kumi na mmoja, waliosimama kuizunguka mashine, wanacheka, kisha wanaacha kucheka. Hili ndilo somo la kuzuia ubaguzi, unyanyasaji na uonevu kazini. Mwalimu wake aliishia kidato cha pili, hana hata cheti cha kushona vifungo, na hadi mwaka juzi kila mtu kiwandani alimwita Kobe.

Alizaliwa na nyonga iliyokaa vibaya. Akitembea, bega la kushoto linashuka kama la mtu anayetaka kuokota kitu kisha akaghairi. Jina la Kobe alipewa na msimamizi wa zamu, mwanamume mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Kila asubuhi alimwambia akianza safari ya kwenda chooni aage kabisa, maana hakuna ajuaye atarudi lini. Zamu nzima ilicheka. Yeye pia alicheka.

"Nilicheka kuliko wote," anasema. "Ukiwahi kucheka, wanadhani limekupendeza. Nikifika nyumbani mume wangu ananiuliza, mke wangu, mbona unajikanda taya?"

Na hakuwa mtakatifu. Kiwanda kilikuwa na desturi yake: mwajiriwa mpya alibebwa akatumbukizwa kwenye toroli la nguo chafu, akafunikwa mashuka ya hospitali yaliyotoka wodini, akasukumwa kuuzunguka ukumbi mara tatu huku watu wakipiga ndoo kama ngoma. Mwaka wa kwanza aliingizwa yeye. Mwaka wa pili alikuwa miongoni mwa wasukumaji.

Hilo hulisema mwanzo wa kila darasa, kabla hata ya kueleza choo kiko wapi. "Toroli nililisukuma kwa mikono yangu hii. Aliyekuwa ndani alikuwa analia, na mimi nikapiga ndoo kwa nguvu zaidi ili nisimsikie."

Miaka sita alikunja mashuka akiwa amesimama, saa nane kwa siku, mashuka mia mbili na zaidi. Mwaka wa sita nyonga ikagoma. Daktari akamwandikia barua: kazi aendelee nayo, lakini akikunja, akae. Kukunja shuka hakuhitaji miguu. Kunahitaji mikono na meza. Alichoomba ni kiti kirefu tu, kama vile vya kaunta.

Msimamizi aliisoma ile barua kwa sauti mbele ya zamu, akaikunja mara nne kama foronya, akamrudishia. Akatangaza kwamba Kobe sasa anataka kiti cha enzi. Halafu, akiwa hatanii tena, akamkumbusha kuwa mkataba wake unakwisha mwezi uleule, kwamba anayependekeza nani abaki ni yeye, na kwamba mstari wa mashuka unahitaji watu wenye miguu iliyo sawa.

Mshahara huo ndio uliokuwa ukilisha watu watano na kulipa kodi ya vyumba viwili. Mumewe ni fundi viatu, na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo wateja hupungua hadi anaanza kushona vya kwake. Usiku huo hakuna aliyekula vizuri, isipokuwa mama mkwe, ambaye hajawahi kukosa hamu ya kula wala jambo la kusema.

"Mwambie huyo bosi wako," alisema bibi huyo, "mimi nimezaa mwenye miguu sawa kabisa, huyu hapa, na hajawahi kufika popote kwa wakati."

Ndipo ikafika siku ya mafunzo. Kila mwaka ofisi kuu ilimtuma mtu na projekta. Watu waliangalia picha za wenye suti wakipeana mikono, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakanywa soda, wakarudi kwenye mvuke. Ukiwauliza walichojifunza, walikumbuka ladha ya soda.

Lakini mwaka juzi mkufunzi alikuwa mpya, dada mmoja mwenye haraka na nia njema. Alizima projekta, akagawa karatasi, akasema kila mmoja aandike kinachomsumbua kazini. Jina asiandike, ili awe huru. Watu ishirini na watatu wakainama. Kobe aliandika pande zote mbili: barua ya daktari, kiti, mkataba, jina, toroli. Akakunja, akatia kwenye bahasha, akarudi kwenye mashine akijihisi mwepesi kama aliyetua ndoo.

Wepesi huo ulidumu dakika kumi.

Hapa inafaa kueleza jambo moja. Kiwandani humo, kila bunda la mashuka kumi hufungwa na kikaratasi, na kwenye pembe ya chini kulia mfungaji huandika namba yake na kuizungushia duara. Doa likionekana hospitalini, bunda linarudi kwa mwenye namba. Baada ya miaka kadhaa mkono unaandika wenyewe. Jirani wa Kobe kwenye mashine, mwanamke aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, aliwahi kuandika 22 yenye duara kwenye ripoti ya shule ya mwanawe, na mwalimu akadhani mzazi ameongeza alama.

Kwa hiyo Redio ndiye aliyesimama ghafla, shuka mkononi, midomo imefungwa. Kwa Redio kunyamaza, ilijulikana kuna msiba.

"Shoga," alinong'ona, "hivi wewe pale chini uliandika namba?"

Kobe akafikiri. Mkono wake wa kulia ukajibu kabla yake, ukachora duara hewani. Waliulizana mstari mzima, mmoja baada ya mwingine, na kila uso ukawa na rangi ya sabuni. Watu ishirini na watatu walikuwa wameandika siri zao bila majina, kisha wakazitia sahihi.

Na bahasha? Mkufunzi, kwa haraka zake, alikuwa ameiacha kwa msimamizi ili iende ofisi kuu na gari la jioni. Bahasha ya gundi, katika chumba cha mvuke. Ingefunguka hata kama mtu hakuwa na nia mbaya. Na msimamizi nia hiyo alikuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata filimbi ililia na mashine zote zikazimwa. Wengi hawakuwahi kukisikia kiwanda hicho kikiwa kimya. Ilisikika hata bomba likidondosha matone. Msimamizi alisimama juu ya kreti la sabuni, karatasi mkononi, akatabasamu.

"Tuna mwandishi wa vitabu hapa," alisema. "Kumi na tisa ni nani?"

Alijua. Kila mtu alijua. Alichotaka ni Kobe akane mwenyewe, aseme lilikuwa ni utani, kisha mashine ziwashwe na mambo yaishe.

Mkataba ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Kobe anakumbuka kwamba alimfikiria mumewe, akaifikiria kodi, na kwa sababu asizozielewa akaifikiria ile ndoo aliyoipiga. Halafu akatembea. Zilikuwa hatua kama kumi na mbili hadi mbele, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakujaribu kulificha bega.

"Ni mimi," alisema. "Barua ya daktari ninayo mfukoni. Ukitaka kuisoma tena kwa sauti, watu wamenyamaza vizuri."

Msimamizi alicheka, akageuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hakuna aliyejitokeza. Akachomoa karatasi nyingine haraka, kama mtu anayebadilisha stesheni, na akakosea vibaya sana, kwa sababu alichomoa ya Redio.

"Ishirini na mbili?"

"Mimi, bosi," alisema Redio akisogea mbele. "Na geuza nyuma, kuna mengine."

Baada ya hapo hakusubiriwa kuita. Saba akajitokeza. Nne akajitokeza. Kumi na moja, mzee wa mashine ya kukaushia ambaye hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake, alisema namba yake na kuishia hapo, na ikatosha. Walipofika watu kumi na saba, msimamizi alishuka kwenye kreti bila kuambiwa.

Saa ya chakula hawakula. Waliandika barua moja, na safari hii pembe ya chini kulia ilijazwa kwa makusudi: namba kumi na saba, maduara kumi na saba, hadi karatasi ikaonekana kama kadi ya bahati nasibu. Kobe na Redio wakaipeleka ofisi kuu kwa miguu. Redio anaapa kwamba siku hiyo aliyekuwa akiachwa nyuma ni yeye.

Huko ndiko walikojua kilichokuwa kikitokea siku zote. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwa yamefika mara tatu kwa miaka mitatu, hayana mwenyewe, na kila mara msimamizi alijibu kwamba ni maneno ya mtu mmoja mwenye chuki. Safari hii meneja alikuwa na watu kumi na saba wa kuwaita mmoja mmoja. Akawaita. Hadithi ikawa ileile, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Siku ya tisa mkataba ulisainiwa. Siku ya kumi gari lilileta viti virefu sita, si kimoja, kwa sababu kumbe watu wengine watano walikuwa na migongo na magoti ambayo hawakuthubutu kuyataja. Msimamizi alihamishiwa stoo ya sabuni, ambako hana mtu chini yake ila madumu, na akaamriwa kurudia mafunzo. Toroli likarudia kazi yake ya kubeba nguo. Mkufunzi naye alikuja, akasimama mbele ya zamu nzima na kuomba radhi kwa ile bahasha. Siku hizi kuna sanduku lenye kufuli mbili, na ufunguo mmoja unakaa kwa wafanyakazi.

Kisha mkufunzi akamwomba namba kumi na tisa wafundishe pamoja.

"Nilimwambia mimi sijui kufundisha, najua kukunja," anakumbuka. "Akaniambia, basi wafundishe kwa hicho unachokijua."

Tangu hapo ameendesha madarasa kumi na manne, si ya wafuaji tu, bali pia ya wapishi, watunza bustani, madereva na watu wa mapokezi wa kampuni. Wamepita watu zaidi ya mia tatu, na kila darasa linampa posho ya mshahara wa siku mbili. Zamani, kati ya kila waajiriwa wapya kumi wa kiwanda, wanne walitoroka kabla ya kumaliza miezi mitatu. Mwaka jana wote walibaki, isipokuwa mmoja aliyekwenda kuolewa, na huyo aliaga.

Darasa analolikumbuka zaidi ni la nne. Watu walikuwa wamesimama kuizunguka mashine, na nyuma kabisa alikuwepo msimamizi wa zamani, bila filimbi. Baada ya dakika arobaini akaanza kubadilisha mguu, mara huu, mara ule, akitafuta ukuta wa kuegemea. Mwalimu alisimamisha somo. Akakisukuma kiti chake kwa mguu ule mbovu, kikateleza sakafuni hadi mbele ya mwanamume yule.

"Kaa, baba," alimwambia. "Hiki hakichagui."

Mwanamume yule aliangalia kiti, akaangalia sakafu, akakaa. Mwisho wa somo alimwita kwa jina lake halisi, akasema samahani, kwa sauti ndogo ambayo wengi hawakujua kuwa anayo. Redio alidai arudie kwa sababu ya kelele za mashine, ingawa mashine zilikuwa zimezimwa. Alirudia.

Mwezi ujao mwalimu anaanza masomo ya jioni ili afanye mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu cheti cha mkufunzi hakitolewi bila huo. Anataka kuvifikia viwanda vinne vingine vya kampuni, na anataka mafunzo yatolewe siku ya kwanza ya kazi, mtu akiwa bado hajavaa hata aproni. Mtihani bado, lakini mama mkwe ameshautangazia mtaa mzima kwamba umefauliwa. Mumewe amemshonea viatu vipya, kimoja kikiwa na soli nene kuliko kingine. Alivimaliza siku mbili kabla ya ahadi, jambo ambalo nyumba hiyo bado inalijadili.

Somo la leo linamalizikia mezani. Karatasi zinagawiwa, wageni kumi na mmoja wanainama. Yule mama aliyevuta shuka ananyoosha mkono.

"Mwalimu, tuandike namba au tusiandike?"

"Namba ni yako, dada. Ukiogopa, iache, sanduku lina kufuli. Usipoogopa, unajua pa kuiweka."

Mama anaandika mistari minne. Anasita, kalamu hewani. Kisha anakigeuza kitambulisho kipya kifuani mwake, maana namba hata hajaikariri, anaisoma kwa makini, na kwenye pembe ya chini kulia anaandika 41 na kuizungushia duara.

Mwalimu anakaa kwenye kiti chake, anavuta shuka linalofuata.