Wimbo wa Mahali

Mume wangu alikuwa fundi wa redio Kisenyi, mjini Kampala. Akiwa anachomea waya aliimba wimbo mmoja tu, wa bendi ya magitaa ya umeme kutoka Nairobi. Ndani yake kijana anamuuliza mpenzi wake yuko mahali gani. Jina lililoandikwa kwenye sahani ya santuri silijui mpaka leo. Sisi nyumbani tuliuita wimbo wa mahali. "Hawa wakija Kampala," aliniambia, "tutakwenda hata kwa miguu."

Walikuja yeye ameshaondoka. Nasema ameondoka kwa sababu sina neno lingine. Asubuhi moja watu walifika dukani kwake na gari wakamchukua, na kila ofisi niliyokwenda kuuliza niliambiwa nirudi kwetu Kenya. Hakukuwa na maiti, kwa hiyo hakukuwa na matanga. Huwezi kukalisha watu msibani kwa mtu ambaye hakuna aliyekuambia amekufa.

Nilikuwa nikiimba wimbo wake nikifua nguo. Siku moja nikagundua nimepoteza katikati yake. Mwanzo ninao, mwisho ninao, katikati hakuna kitu. Redioni walikuwa wameacha kuupiga. Niliogopa kuliko nilivyoogopa zile ofisi. Niliona kwamba kipande hicho kikipotea, na sauti yake itapotea.

Basi gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu Nateete likisema bendi ile ya Nairobi itapiga uwanjani Jumamosi mchana, nilijua ninachokwenda kutafuta. Jirani yangu, mama wa Kiganda aliyeuza mkaa, alikataa niende peke yangu.

"Nyabo, wewe unaenda kulia kule," alisema. "Mimi naenda kucheza. Tutakaa pamoja."

Tulikaa juani muda mrefu sana. Ilisemekana mgeni mkubwa anakuja, na bila yeye hakuna kuanza. Askari walisimama kuzunguka jukwaa wakitutazama sisi, si jukwaa. Kiti cha mgeni kilibaki kitupu. Mwishowe wakaanza bila yeye. Nilitegemea wanamuziki wengi kama kwenye picha za magazetini, wakatokea vijana watatu na mpiga ngoma mmoja. Spika zilikuwa mbili. Moja ilikoroma, nyingine ilinyamaza kila upepo ulipovuma. Mume wangu angeinuka akaenda kuitazama.

Watu walipiga makofi kidogo kidogo, kila mmoja akimwangalia jirani yake kwanza.

Ndipo mtangazaji akauliza nani anataka wimbo gani. Sauti yangu ni ndogo. Nikamnong'oneza jirani. Yeye akasimama, mikono mdomoni, akapaza sauti iliyouza mkaa miaka kumi:

"Wa mahari! Mtupigie wa mahari!"

"Mahari!" mtangazaji akadakia. "Mama anataka wa mahari! Nani anaolewa huko?"

Uwanja ukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia watu wakicheka bila kuogopa. Bendi ikapiga wimbo wa harusi, wa baba mkwe anayedai ng'ombe. Watu wakainuka. Hata askari mmoja alitikisa mguu. Jirani alicheza jasho likamtoka, kisha akanigeukia.

"Mbona umekaa? Si ndio wako?"

"Nilisema mahali."

"Ndiyo, mahari."

"Mahali. Pale mtu alipo."

Midomo yake ilijaribu neno lile bila sauti. "Ai, maama," alisema, akakaa chini. "Ngoja, nitaita tena."

Lakini hawakuuliza tena. Walipiga nyimbo mbili, spika zote mbili zikafa, tukaambiwa turudi salama. Watu walitoka haraka ili jua lisiwazamie njiani.

Mimi nilikwenda nyuma ya jukwaa. Jirani alikuwa amemshika askari kwa maneno, akimuuliza kwao wapi, wana mkaa wa aina gani. Mpiga gitaa alikuwa anakunja nyaya. Nikamwambia nautafuta wimbo wa kijana anayeuliza mpenzi wake yuko mahali gani.

"Dada, huo ni wa zamani. Waliokuwa wakiupiga walishatoka kwenye bendi. Mimi nimeingia juzi."

"Huujui kabisa?"

"Niimbie."

Nikamwimbia mwanzo, pale pale, mbele ya mtu nisiyemjua. Nilipofika ninapopotea nikanyamaza. Alinitazama, akachukua gitaa lisilo na umeme, sauti yake nyembamba kama ya mbu, akaendelea kutoka pale nilipoachia. Alipiga taratibu hadi nikautambua mwisho, nikaingia nao.

"Ndivyo?" aliuliza.

Haikuwa hivyo. Nilijua mara moja kwamba haikuwa hivyo. Alikuwa ameotea tu, kwa huruma, na alikuwa ameotea vizuri.

"Ndivyo," nikamwambia. "Asante, kaka."

Huo ndio uongo ninaoujutia. Tangu siku hiyo nikiuimba sikwami tena. Ninafika katikati, vidole vya yule kijana vinanivusha, nami ninafika mwisho. Mwanzoni niliweza bado kusikia kwamba pale si pake. Niliimba polepole ili nisikie. Sasa siwezi tena kusema ni wapi mume wangu anaishia na ni wapi yule mpiga gitaa anaanzia.