Donati za Limau na Mbuzi wa Mama

Siku hiyo tulikuwa hivi. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ambaye shamba lake linapakana na letu hapa Wamagana. Alikuja amevaa koti la kijivu lililokuwa la baba. Mjomba, kaka yake marehemu mama, kutoka Kangema, na fimbo mpya mkononi. Mzee jirani tunayemwita guka, yaani babu, ingawa hatuna undugu naye, aliyekubali kutusemea. Ndugu yangu anayenifuata, ambaye ana pikipiki ya kubeba abiria, na ambaye asubuhi hiyo alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Dada yetu mdogo, mwenye siku yake. Wageni kutoka Sagana, magari mawili, waliokuja kuzungumza habari za mahari. Na mimi, jikoni.

Baba na mama wamelala nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Nilitaka jambo moja tu siku hiyo. Nilitaka dada yangu aolewe akitokea katika nyumba hii, mchana, watu wakiona, kwa utaratibu wote. Mimi sikupata hilo, na sikulitafuta. Yeye nilitaka alipate.

Unga niliukanda alfajiri. Wamagana ni baridi, na unga hauumuki ukiuacha peke yake, kwa hiyo nilifunika beseni kwa blanketi nikaliweka karibu na jiko kama mtu mgonjwa. Donati zangu hazikaangwi, zinaokwa. Nilijifunza katika nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa mjini Nyeri, nilikoenda kufanya kazi mama alipokufa. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa kidato cha pili. Ijumaa nilianika sare yangu kambani, na Jumatatu nilikuwa naosha vyombo vya watu. Sare sijui nani aliianua.

Katika nyumba ile hawakula nyama wala mayai. Mama mwenye nyumba alikanda unga kwa maziwa lala, sukari, siagi kidogo na hamira, kisha akakwaruza ganda la chungwa juu yake. Alinionyesha mara moja. Unachukua ile rangi ya juu tu, weupe ulio chini yake unauacha, kwa sababu weupe ni mchungu na sukari haiwezi kuuondoa uchungu wake. Hakuwa mtu wa kusifu. Akila donati yangu akanyamaza, nilijua iko sawa.

Nilipotoka kwake nilizioka hapa nyumbani, katika sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Nilikata duara kwa glasi na tundu la katikati kwa kifuniko cha chupa ya dawa. Ndugu yangu alizipeleka kwenye vibanda vya chai kabla ya kwenda shule. Kwa donati hizo dada yangu amefika chuo cha ualimu, na kwa donati hizo nilimpata fundi wa mabati akaniundia oveni ya mkaa yenye mlango.

Miaka hiyo yote mjomba hakuja. Hakuleta hata kilo ya sukari. Baba mdogo alikuja mara nyingi, lakini alikuja kupima. Mwaka mmoja alikata ua wa miiba ya kaiyaba uliokuwa kati yetu, akapanda mwingine hatua kadhaa upande wetu. Mlimau wa mama ukabaki kwake. Nilikwenda kwa chifu, chifu akasema tuongee kama familia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikinunua machungwa sokoni badala ya malimau.

Lakini asubuhi ya wageni nilipita chini ya ua huo, mahali ambapo mbwa wamefungua njia, nikachuma malimau nikajaza aproni. Sikumwuliza mtu.

Mjomba nilimpigia simu mimi mwenyewe. Upande wetu ulikuwa na wazee wawili tu, baba mdogo na guka, na nilijua watu wa Sagana wangetazama benchi na kuhesabu vichwa. Nyumba isiyo na mtu wa kwa mama inaonekana kama nyumba yenye siri. Alikubali upesi. Ilinipasa nijiulize kwa nini.

Wageni walipofika tuliwapa chai na donati za kwanza, zikiwa bado na joto, zimepakwa sukari iliyolainishwa kwa maji ya limau. Mama mmoja wa Sagana alisema hajawahi kuona donati isiyotoa mafuta kwenye vidole. Dada yangu akanitazama kutoka upande wa pili wa chumba akatabasamu. Wazee wetu walikuwa wamekaa pamoja.

"Hizi ni za malimau," baba mdogo alisema, akiigeuza yake.

"Ndiyo, baba."

"Siku hizi malimau ni bei. Umenunua wapi?"

"Sikununua."

Alitazama nje, kuelekea ua.

"Ni tamu," mjomba alisema, akichukua nyingine. "Mti ni wa nani?"

"Ulipandwa na dada yako," guka akasema.

"Mambo ya miti si ya leo," baba mdogo akasema, akameza.

Baada ya chakula, msemaji wa wageni alisimama akaeleza kwa maneno mazuri kwamba wameona ua lililochanua katika boma hili na wangependa kujua litang'olewaje. Guka akajibu kwamba wenyeji wanaomba nafasi wakae kando kidogo. Tunaita kikao hicho ndundu, na husikilizwa na wenyeji peke yao. Kwa kawaida wazee hutoka nje, lakini mvua ilikuwa imeanza. Sebuleni kulikuwa na wageni, chumbani kulikuwa na akina mama. Wakaja jikoni.

Baba mdogo alinionyesha mlango kwa kidevu. "Toka kidogo."

"Kuna donati ndani, baba. Nikitoka zitaungua, na za kuwafungia wageni hazijatosha."

"Basi kaa. Lakini masikio yako yabaki kwa jiko."

Nikageuka, nikachukua limau na kile chuma cha kukunia karoti, nikaanza kukwaruza ganda kwa ajili ya sukari ya kupaka. Ndugu yangu alisimama karibu na mlango, akitazama viatu visivyo vyake.

Baba mdogo alianza kusema mbuzi wangapi tuitishe. Alikuwa nao tayari kichwani. Mjomba akamwacha amalize, kisha akagonga sakafu kwa fimbo, polepole.

"Kabla hamjaitisha hata mmoja, nani atanionyesha mbuzi wa dada yangu?"

Baba mdogo akavuta koti la baba mabegani. Mjomba akaendelea.

"Nilikuja hapa nikidhani labda nimesahau. Nikauliza nyumbani. Hakuna aliyeona mbuzi. Hakuna mwati, hakuna harika. Hata ile pombe ya kwanza ilikuja nusu."

Mwati na harika ni kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, wasiowahi kuzaa. Ndio wanaotangulia, ndio wanaofungua njia. Kama hawakupelekwa, hakuna kilichopelekwa.

"Kaka yangu alikufa," baba mdogo alisema.

"Nilisikia."

"Sasa unataka nifanye nini? Si mimi niliyemwoa."

"Basi hakuna aliyemwoa. Mlikaa na msichana wetu, akawazalia, akafa, mkamzika hapo nyuma bila hata kutuuliza. Kama hakuolewa, watoto ni wetu. Waambie hao watu wa Sagana wageuze magari, waje Kangema. Mahari ya huyu itapokelewa kwa kina mama yake."

"Ati Kangema! Wewe ulijua hii njia ya kwetu lini?"

"Nimeijua leo. Nilipigiwa simu."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Huku kwetu, msichana ambaye mama yake hakulipiwa mahari, mbuzi wake hawawezi kuliwa na upande wa baba. Kila mtu anajua. Watu husamehe wakitaka, na mjomba hakutaka. Nilimchukia zaidi kwa sababu sebuleni dada yangu alikuwa amekaa ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa, akidhani tunapanga idadi.

"Tugawane," baba mdogo alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Mbuzi wa Sagana wakija, wewe chukua nusu."

"Hao watakuwa wa huyu msichana. Mimi naulizia wa mama yake."

Guka alimgeukia ndugu yangu. "Na wewe kijana? Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii."

Ndugu yangu alifungua mdomo. Ana mkopo wa pikipiki na mtoto wa miezi michache. Akaufunga.

Nilisema bila kugeuka. "Mbuzi wa mama nitalipa mimi."

Baba mdogo alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya mkubwa. "Tangu lini mwanamke akamlipia mama yake mahari?"

"Sijui, baba. Sikuwa nimepewa nafasi ya kuuliza."

"Huyu atatufanya tuchekwe hadi Sagana."

"Wa Sagana hawatajua," guka alisema. "Mpaka sasa hawajui, na mkipunguza sauti hawatajua." Kisha akanigeukia. "Utaweza?"

"Nitaweza. Lakini leo mjomba arudi sebuleni akae kimya, na dada yangu aolewe akitokea hapa."

Mjomba alifikiri, fimbo kati ya magoti. "Mwanamke hawezi kuniletea mbuzi," alisema mwishowe. "Kijana ataleta. Itasemwa kwamba ni yeye amelipa."

"Isemwe hivyo," nikasema.

Ndugu yangu akaniita jina la utotoni, taratibu, kama anayeomba radhi. Nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya mkate uliokolea moto, nikafungua oveni. Donati zilikuwa zimeiva kupita kiasi kidogo, hazijaungua. Nilipotazama limau mkononi, halikuwa na rangi tena. Lilikuwa jeupe pande zote, na weupe mwingine ulikuwa umekwisha kuingia katika bakuli la sukari.

Wazee walirudi sebuleni. Mjomba alitimiza neno lake. Alikaa kimya, akaitikia kwa kichwa palipostahili, na alipoombwa kusema alisema kwamba watu wa Kangema wamefurahi. Baba mdogo akataja idadi yake akiwa na koti la baba begani. Akina mama wakapiga vigelegele. Dada yangu akainua kichwa.

Jioni, magari ya Sagana yalipokuwa yameondoka, mjomba alikuja mlangoni mwa jikoni.

"Mpwa wangu, hukubakiza kidogo? Nyumbani kuna watoto."

Zilikuwa zimebaki za mwisho, zile zilizopakwa sukari ya limau jeupe. Nilikuwa nimeonja moja. Uchungu wake ulianza nyuma ya ulimi na haukuondoka hata kwa chai. Nikazipanga vizuri, nikazifunga katika gazeti, nikampa kwa mikono miwili. Akanishukuru. Akaniambia nina moyo wa mama yangu, na sikumwuliza alijuaje moyo wa mama yangu.

Dada yangu aliniuliza usiku huo mbona ndundu ilichukua muda mrefu. Nikamwambia wazee walikuwa wanagombania idadi. Akacheka, akasema wazee ni wazee.

Sasa anaishi Sagana. Hunitumia picha za nyumba yake, na za jiko lake la gesi. Hajui, na sitaki ajue, kwa sababu angetaka kusaidia, na msichana aliyeolewa hawezi kumlipia mama yake kwa mali ya nyumba nyingine. Hivyo naambiwa. Mimi, niliyebaki hapa, nadhani hawajajua waniweke wapi.

Msimu wa mvua ulipokwisha nilinunua kondoo na mbuzi. Ndugu yangu akavaa koti, tukakodi pikapu hadi Kangema. Mimi nilikaa mbele na dereva, na kapu la donati mapajani, za chungwa safari hii. Wazee walikuwa wamekusanyika uani kwa mjomba. Ndugu yangu akasema yale aliyofundishwa na guka, na akayasema vizuri. Mjomba akashuka ngazi, akampapasa kondoo, akaridhika. Akamfikia mbuzi, akainama, akashika kiwele.

"Huyu ameshazaa."

"Muuzaji alisema bado," ndugu yangu akasema.

"Muuzaji alitaka kuuza."

Wazee wengine walikuja wakashika pia, mmoja baada ya mwingine, na wote wakakubaliana. Kondoo akabaki. Mbuzi tukampakia tena.

Mjomba alinisindikiza hadi kwenye pikapu, akila donati. "Hizi ni nzuri," alisema. "Zile za siku ile zilikuwa na uchungu kidogo."

"Ni malimau," nikasema.

"Ukija tena, njoo na hizi." Kisha akakumbuka kwamba si mimi ninayekuja. "Mwambie ndugu yako aje nazo."

Mbuzi alilia njia yote hadi nyumbani. Sasa namkamua, na maziwa yake nayagandisha kwa ajili ya unga. Asubuhi nikienda kumfunga napita karibu na migomba, mahali mama alipolala katika shamba ambalo kwa hesabu ya Kangema alifika kama mgeni. Kondoo wake amepokelewa. Harika bado. Na nyuma ya harika kuna mbuzi wengine wote, ambao mjomba hajataja ni wangapi. Anasema tutazungumza harika akifika.